Nasaba ya Ngege

Samaki aitwaye ngege sokoni Awendo leo aghalabu ni sato, mgeni aliyepandikizwa Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1950. Ngege wa asili, aliyepewa jina la kitaalamu na Mwingereza Michael Graham mwaka 1928, ni wa ukoo huohuo: majike ya wote wawili huatamia mayai kinywani. Kwa ukaribu huo huzaliana, na nasaba ya mwenyeji hufifia. Nyavu, kisha mbuta, zilimpunguza mno ziwani. Akasalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, Siaya. Enyi wenye mabwawa, msimwage vifaranga vya sato katika maziwa hayo. Jina limebaki sokoni; tusimwache mwenye jina apotee.