Wimbo wa Kwao Wausikilizia Ugenini

Mtu wa Voi akitaka kuusikia wimbo wa "Charonyi ni Wasi" ukipigwa na wenyewe, wala si redioni au katika sahani ya santuri, hana budi kuukata usiku mzima njiani. Kutoka Voi hadi Nairobi ni kilomita 330 hivi. Hupanda basi mchana wa Jumamosi, akafika magharibi, akakaa ukumbini mpaka usiku mkuu, kisha akalitafuta basi la kuteremka Pwani na kurudi amesinzia juu ya kiti. Hesabu nauli mara mbili, kiingilio, na sahani ya chakula kwa bei ya mji. Kwa mkata mkonge wa Mwatate hiyo ni fedha ya kununulia watoto sare za shule.

Na wimbo wenyewe ni wa nani? Uliimbwa kwa Kidawida, lugha ya milima ya Taita, ukavuma mwaka 1977. Jina lake, kwa ufupi, lamaanisha kuwa ugenini kuna taabu. Tazama basi mambo yalivyogeuka: Mtaita auendee ugenini wimbo unaomwambia kuwa ugenini kuna taabu!

Waliouimba ni Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa kikosi cha saba cha Kenya Rifles, iliyoundwa mwaka 1970. Mwaka 1972 walipatwa na ajali ya barabarani iliyoondoa roho na kuwatawanya, wakakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kurudi jukwaani. Kiongozi wao Habel Kifoto, mwana wa Taita, alifariki mwaka 2011. Alikuwa askari aliyeshika gitaa, na nyuma yake zikilia tarumbeta na saksafoni kwa mpango uliotulia, kila moja ikingoja zamu yake. Wapigaji wengi wa leo hawana subira hiyo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufuatana na watu wa Voi katika safari ya namna hiyo. Wengi walikuwa watu wazima, na mmoja alikuwa mzee wa fimbo. Kwa saa mbili mzee yule alikaa kitako na chupa yake ya soda, asitikisike. Tarumbeta za wimbo ule zilipoanza, alisimama. Wala hakucheza, alisimama tu, kofia mkononi, akaimba kutoka mwanzo hadi mwisho. Waluhya na Wakamba waliokuwa karibu nao waliimba, ingawa yakini hawakujua neno moja la Kidawida. Tuliondoka saa saba za usiku, na alfajiri ikatukuta Mtito Andei, wenye kuswali wakashuka wakaswali.

Wapo wasomaji wetu watakaouliza: mambo ya kumbi za dansi yatuhusu nini sisi? Hoja yao si ya kupuuzwa. Kumbi nyingi za mji ni za ulevi, na mzazi mwenye haya hawezi kumpeleka bintiye huko. Lakini ulevi ni wa ukumbi, si wa tarumbeta. Sisi watu wa Pwani twalijua hilo kuliko wengine, maana tangu zamani taarabu imepigwa harusini, watu wameketi kwa adabu zao, na kinachozunguka ni kahawa na halua. Bendi ikipigwa uwanjani Voi baada ya alasiri, ikaisha kabla ya magharibi, nani atadhurika?

Twaleta neno hili kwa sababu Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la utamaduni na burudani za umma. Kaunti ya Taita Taveta ina haki ya kujivuna katika jambo hili. Fadhili William, aliyerikodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizaliwa huko. Wapo waliodai utunzi wa wimbo huo si wake, na ubishi ule haujesha. Ila sauti iliyoupeleka mbele, kabla ya Miriam Makeba kuuchukua na kuufikisha pembe zote za dunia, ilikuwa sauti yake. Alifariki mwaka 2001. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, lakini wana wa Taita wametuzwa zaidi mbali na kwao.

Na muda haungoji. Waliocheza muziki huo wakiwa vijana sasa wana wajukuu, na wajukuu hao huusikia katika simu, bila kumwona mtu akivimbisha mashavu kupuliza tarumbeta.

Bendi ya jeshi ni mali ya umma; mishahara ya wapigaji hutoka katika kodi, na mkata mkonge wa Mwatate naye huitoa kila anunuapo sabuni. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina stesheni hapo hapo Voi. Kuwaleta wapigaji na vyombo vyao ni kazi ya lori moja na mabehewa mawili ya abiria. Tungependa ofisi ya utamaduni ya kaunti itwambie: katika bajeti ya mwaka huu, mna lori hilo au hamna?