Fedha za vyandarua: Tunajuaje kama shirika la misaada ya afya linafanya kazi yake?

Kila tunapozungumzia misaada ya afya hewani, swali moja hurudi: fedha zote hizo zinaishia wapi? Anayeuliza mara nyingi ana picha tayari kichwani: magari makubwa, semina hotelini, posho. Ni swali la haki. Lakini tukiishia hapo tunaacha swali kubwa zaidi: kilichonunuliwa kilifika, na kikamkinga mtu?

Leo tunalitazama jambo hili kupitia shirika moja la Uingereza linalonunua vyandarua vyenye dawa, Against Malaria Foundation, kwa kifupi AMF. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, shughuli zake kubwa zimefanyika kwa majirani zetu: Uganda, Kongo, Malawi na Zambia. Pili, ni moja ya mashirika ya afya yaliyopimwa sana na watu wa nje, na taarifa zake nyingi zinasomeka hadharani.

Suala lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani. Karibu 95 kati ya kila 100 walifia Afrika, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa vita dhidi ya malaria, ilipunguza sana misaada yake ya nje na kulifunga shirika lake la USAID. Fedha zikipungua, kila dola inayopotea ina maana ya kitanda kisicho na chandarua.

Shirika lenyewe

AMF lilianzishwa na Mwingereza Rob Mather, na lilikua kutokana na michango ya watu walioogelea kuchangisha fedha mwaka 2005. Tangu wakati huo limekusanya zaidi ya dola milioni 500 na kugharamia zaidi ya vyandarua milioni 200. Watumishi wake ni wachache, hawafiki hata idadi ya walimu wa shule kubwa ya msingi.

Shirika lenyewe haliendi kugawa. Linanunua vyandarua, kisha wizara ya afya ya nchi husika na washirika wake wanaandikisha kaya, wanasafirisha na kugawa. AMF linadai masharti mawili: lionyeshwe takwimu za kaya zilizopokea, na ufuatiliaji ufanyike baada ya ugawaji.

Hesabu za ofisini

Shirika la hisani la Uingereza linatakiwa kuwasilisha hesabu zake kila mwaka kwa tume ya serikali inayosimamia mashirika hayo, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzisoma. AMF linasema kila senti inayotolewa na wananchi inanunua vyandarua, kwa kuwa mishahara na gharama za ofisi zinalipwa na wafadhili wengine waliokubali kuzibeba.

Kauli hiyo inavutia, lakini tuisome vizuri. Chandarua cha kawaida kinanunuliwa kwa karibu dola 2. Hakiruki chenyewe kutoka kiwandani hadi kitongojini. Kuna meli, lori, ghala, mafuta ya pikipiki, daftari la kuandikisha na posho ya mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Ukijumlisha yote, gharama inafika dola 5 hivi, zaidi au pungufu kulingana na nchi. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inalipwa na wengine, hasa Mfuko wa Dunia na serikali zenyewe. Kwa hiyo "kila senti inanunua chandarua" ni kweli kwa fedha za mchangiaji yule, lakini kazi yote inagharimu zaidi ya hapo.

Tunalifahamu jambo hili vijijini kwetu. Mapato na matumizi yakisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, macho hukimbilia posho za wajumbe. Ni sawa kuuliza. Lakini kamati inaweza isile hata shilingi, na bado kisima kikachimbwa pasipo na maji. Kamati nyingine ikalipa fundi mzuri na msimamizi, mstari wa gharama ukaonekana mrefu, na maji yakatoka mpaka leo. Asilimia ya gharama za ofisi haitoshi kutuambia ipi ilifanya kazi.

Bei ya kuokoa roho moja

Ndiyo maana shirika moja la Marekani, GiveWell, lilianza mwaka 2007 kuuliza swali tofauti: dola inayotolewa inaleta nini kwa mtu wa mwisho? GiveWell halichukui malipo kutoka kwa mashirika linayoyapima. Linasoma tafiti, hesabu na ripoti za ufuatiliaji, kisha linawaeleza wachangiaji wapeleke wapi fedha zao.

Kwa AMF, makadirio yake ya miaka ya karibuni yamekuwa takriban dola 5,500 kwa kila roho inayookolewa, yakipanda na kushuka kulingana na nchi. Mtu anaweza kushtuka: chandarua ni dola 5, iweje roho iwe 5,500? Gawanya utaona. Ni kama vyandarua 1,100. Wengi wanaolala chini ya vyandarua hivyo wasingekufa mwaka huo hata bila kinga. Wangeugua, wengine wangelazwa, wachache wangepoteza maisha. Hesabu inawatafuta hao wachache.

Msingi wa hesabu hiyo ni majaribio yaliyofanywa Afrika miaka ya 1990, yakiwemo ya Kilifi, pwani ya Kenya, na Asembo, magharibi mwa nchi hiyo. Yakiunganishwa pamoja na mengine, yanaonyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vinapunguza vifo vya watoto kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na kutokuwa na chandarua.

Takwimu hizi ni makadirio. Zinategemea malaria ni kali kiasi gani mahali husika, watu wangapi wanalala ndani ya chandarua, na kinadumu muda gani. Ukibadilisha kimoja, bei ya roho moja inabadilika.

Mwaka lilipoondolewa kwenye orodha

Mwaka 2011 GiveWell lililiweka AMF juu kabisa kwenye orodha yake, na michango ikamiminika. Novemba 2013 likaliondoa.

Hakukuwa na wizi. Tatizo lilikuwa kwamba fedha zilikuwa zimerundikana benki. AMF lilikuwa limeshindwa kukamilisha makubaliano makubwa ya ugawaji, kwa sehemu kwa sababu ya masharti yake magumu ya takwimu na ufuatiliaji. Wapimaji wakaona hakuna haja ya kuwaomba watu wachange zaidi wakati za awali hazijapangiwa kazi. Mwishoni mwa 2014, baada ya mikataba mipya kusainiwa, shirika likarudishwa.

Hapa pana mvutano wa kweli. Masharti makali yanalinda vyandarua visiishie dukani au kwenye majina hewa. Lakini wakati makaratasi yanajadiliwa, mbu hasubiri. Mama wa mtoto wa mwaka mmoja hafaidiki na hesabu safi za fedha ambazo hazijatumika. Kwa hiyo tunapotazama shirika lolote, salio kubwa benki nalo ni la kuulizwa.

Chandarua kikiwa ndani ya nyumba

Mwaka 2014 AMF liligharamia vyandarua zaidi ya laki sita kwa jimbo la Kasaï-Occidental, Kongo. Taarifa za kaya zilikusanywa kwa simu badala ya karatasi, ili iwe rahisi kuzikagua. Katika baadhi ya maeneo shirika hili hutaka asilimia 5 ya kaya zitembelewe mara ya pili na watu wengine, kulinganisha majibu. Anayeandikisha akijua kuna atakayepita nyuma yake, ni vigumu kuongeza kaya ambazo hazipo.

Baada ya ugawaji, kaya kadhaa huchaguliwa kwa bahati nasibu na kutembelewa. Mhoji anatakiwa akione chandarua kimetundikwa, asiridhike na kuambiwa tu. Anaangalia pia matundu. Hii ndiyo sehemu ya tathmini ambayo wahasibu wa London hawawezi kuifanya. Inategemea mwananchi aliyefungua mlango na kusema ukweli: kipo, kimechanika, au kimekwenda kuvulia dagaa.

Jibu la mwisho linaumiza, lakini lina thamani. Kaya nyingi zikisema vimechanika mwaka wa pili, hiyo ni sababu ya kugawa mapema au kununua vilivyo imara zaidi. Jibu la kumfurahisha mgeni linakwenda kuharibu hesabu, na anayelipa ni jirani.

Mbu naye amebadilika

Majaribio ya miaka ya 1990 yalifanyika wakati dawa ya kwenye chandarua ilikuwa bado inaua mbu vizuri. Leo mbu wa maeneo mengi ya Afrika wamekuwa sugu. Shirika linaweza kugawa chandarua kwa kila kaya, hesabu zikakaguliwa bila doa, na bado kinga ikawa hafifu.

Uganda ilipogawa vyandarua nchi nzima mwaka 2017 na 2018, AMF lilichangia zaidi ya milioni 10. Baadhi vilikuwa na PBO, kemikali ya ziada inayopunguza nguvu ya usugu wa mbu. Watafiti walitumia ugawaji huo kulinganisha. Baada ya miezi sita, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 11 kwenye maeneo ya PBO, na asilimia 15 kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida.

Hapa kwetu, utafiti wa Misungwi mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulijaribu vyandarua vyenye dawa ya pili iitwayo klofenapira. Ugonjwa kwa watoto ulipungua kwa asilimia 44 katika miaka miwili ikilinganishwa na vyandarua vya kawaida. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitumike. Vina bei ya juu zaidi, na anayetazama bei peke yake angesema shirika linalovinunua linatapanya fedha. Anayetazama homa za watoto angesema vingine.

Kingekuja bila wao?

Kuna swali moja gumu kuliko yote. Mfadhili akiipa shule madawati, halmashauri inaweza kuchukua fedha ilizozitenga kwa madawati na kuzipeleka kwingine. Madawati yapo, lakini je, yameongezeka?

Ndivyo ilivyo kwa vyandarua. Kama AMF lisingenunua, huenda Mfuko wa Dunia au serikali ingenunua baadhi. GiveWell hupunguza makadirio yake ya mafanikio kwa sababu hii. Hakuna anayeweza kulijibu kwa uhakika, lakini shirika linaloulizwa swali hili na kujibu kwa takwimu za pengo lililokuwepo linastahili kuaminiwa zaidi ya lile linalotoa picha za watoto wanaotabasamu.

Tunaonaje?

Kwa vipimo hivi, AMF limefanya vizuri kuliko mashirika mengi: hesabu ziko wazi, ugawaji unafuatiliwa, ushahidi wa vyandarua ni wa muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba linategemea wengine kufikisha mzigo, limewahi kukaa na fedha bila kuzitumia haraka, na linategemea chandarua ambacho nguvu yake inapimwa upya kila mbu anapobadilika.

Vipimo hivi vinafaa kwa mradi wowote wa afya utakaokuja kijijini kwako. Ukipata nafasi kwenye mkutano, au mgeni akifika na fomu yake, uliza:

1. Fedha kiasi gani zimepokelewa, na kiasi gani bado hazijatumika? Kwa nini?
2. Nani analipia usafiri, uandikishaji na usimamizi?
3. Baada ya ugawaji, nani atarudi kuangalia, na lini?
4. Mna ushahidi gani kwamba kitu hiki bado kinafanya kazi hapa kwetu, kwa mbu wa hapa?
5. Matokeo ya ukaguzi tutasomewa lini, na sisi wenyewe?

Swali la tano husahaulika mara nyingi. Takwimu huchukuliwa kijijini, zikasafiri hadi wilayani, wizarani na Ulaya, na waliozitoa wasisikie tena habari zake. Kijiji kinachosomewa kwamba nusu ya vyandarua vyake vimechanika kinaweza kuamua jambo siku hiyohiyo, hata kabla mfadhili hajajibu barua pepe.