Kitabu Hiki Si Wasia

Mnamo Januari 1963 ilitolewa mjini London riwaya iitwayo The Bell Jar, ikiwa na jina la mwandishi asiyekuwako, Victoria Lucas. Na kabla haujatimia mwezi, mwenyewe aliyejisitiri nyuma ya jina lile, mshairi Mmarekani Sylvia Plath, alikuwa amekwisha kujiua, naye ni mwanamke wa miaka 30 mwenye watoto wawili wadogo. Tangu hapo wasomaji wengi wamekisoma kitabu hiki kama usomwavyo wasia wa marehemu, kila ukurasa wakiutafutia dalili ya mauti. Usomaji huo naukataa, kwa kuwa unamdhulumu mwandishi, na unawadhulumu zaidi walio hai ambao sonona kama yake imewashika.

Yasimuliwayo mle, kwa sehemu kubwa, yalimpata yeye. Kiangazi cha 1953, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Smith, aliteuliwa pamoja na wasichana wengine kwenda New York kufanya kazi mwezi mzima katika jarida la Mademoiselle. Aliporejea kwao Massachusetts usingizi ukamhama, akajaribu kujitoa roho, akaokolewa, akalazwa hospitali. Hayo yote alimvika Esther Greenwood, binti wa miaka 19 aliyejaliwa akili na tuzo, ambaye kila amwonaye humhusudu.

Istiara aliyoichagua ni lile kuba la kioo lenye umbo la kengele, ambalo watu wa maabara hufunikia kitu wasichotaka kiguswe na hewa ya nje. Kioo hakizuii macho. Aliye ndani huiona karamu na huwaona wenziwe wakicheka, nao humwona yeye ameketi, mzima wa viungo, wasijue kwamba anaivuta na kuivuta tena pumzi yake mwenyewe iliyokwisha kuchacha. Na lau angelilipiwa safari ya kuizunguka dunia, kuba lingelisafiri naye. Sijapata kuona maelezo ya sonona yaliyo sahihi kuliko haya. Sisi aghalabu husema fulani ana mawazo, kana kwamba mawazo ni mzigo ambao mtu aweza kuutua akitaka, na jirani akauliza amekosa nini, ilhali chakula anacho na pa kulala anapo.

Mama yake Esther, mjane afundishaye hatimkato, si mtu mbaya. Lakini binti anapomwambia kwamba hamtaki tena yule tabibu wa kwanza, aliyempitishia umeme vibaya hata akadhani mifupa yake inavunjika, mama hutabasamu, akafurahi kuwa mwanawe ameamua kupona. Ameamua! Sidhani kama tusi lingeliweza kumwacha yule binti mpweke kuliko neno lile la upendo.

Na umeme wenyewe una habari ndefu. Riwaya hufunguka kwa kuwataja mume na mke wa Rosenberg, waliouawa katika kiti cha umeme mwezi wa Juni 1953 baada ya kuhukumiwa kwa ujasusi, na nguvu ile ile ndiyo imrudiayo Esther kitandani, mfano wa adhabu ya kosa asilolijua. Baadaye, mikononi mwa Dokta Nolan, mwanamke amwambiaye kweli na kumshika anapolia, tiba ya jina lile lile hulifanya kuba liinuke, likabaki linaning'inia juu ya kichwa chake, hewa ikapita. Kwa rai yangu, hapo ndipo kilipo kiini cha kitabu: umeme ulioendeshwa kwa ustadi, na kando yake mtu wa kuaminiwa.

Wengi husifu zaidi mtini wake, ambao kila tini ni maisha ya namna moja, ndoa na watoto, ushairi, ualimu, safari, na msichana chini yake anakufa njaa kwa kushindwa kuchagua. Ni mfano mzuri, ila ni wa ujana wote, hata wa wenye afya; naye Esther mwenyewe, chakula kikisha kumfika tumboni, hudhani huenda njaa ndiyo iliyomwonyesha mti ule.

Esther hatuahidi kwamba kuba halitashuka tena. Hofu hiyo aitaja waziwazi, nami namheshimu kwa hilo. Lakini msomaji aliyekwisha kufika mwisho na arudi sura ya kwanza, kwenye sentensi ambayo wengi huipita mbio, pale msimulizi azikumbukapo zile zawadi za bure walizopewa New York, ambazo kwa muda mrefu alizificha asizione. Alipopata nafuu alizitoa. Rangi ya midomo huipaka mara mojamoja. Na juu ya kifuko cha miwani ya jua palikuwa pameshonewa kiti cha pweza cha plastiki, ambacho wiki iliyopita amekikata, akampa mtoto mchanga achezee.