Tamko Kuhusu Fedha za Usuluhishi wa Watoto Wanaokinzana na Sheria, Butembo na Beni

Chama chetu, kinachowaunganisha mawakili, maafisa wa ustawi wa jamii, walimu na wazazi wa Butembo, Beni na sekta ya Ruwenzori, kinatoa tamko hili kwa wananchi wote na kwa viongozi wenye dhamana ya fedha za umma.

1. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ilichukua nafasi ya dekreti ya kikoloni ya mwaka 1950. Kwa sheria hiyo, mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hawezi kabisa kubebeshwa kosa la jinai. Aliyepita umri huo na bado hajatimiza miaka 18 husikilizwa na mahakama ya watoto. Kwa makosa madogo imewekwa kamati ya usuluhishi, ambamo mtoto, mzazi wake na aliyekosewa hukutana na kupatana jinsi ya kulipa au kurekebisha kilichoharibika.

2. Mtoto aliyechukua kakao iliyoanikwa mbele ya nyumba ya jirani ndiye hasa aliyekusudiwa na kamati hiyo. Lakini kamati haiwezi kukaa bila nauli ya wajumbe, bila karatasi, bila mtu wa kufunga safari hadi Bulongo au Oicha kumtafuta mjomba atakayemdhamini mtoto ambaye wazazi wake wameuawa au wamekimbia vita. Gharama hizi ni ndogo. Hata hivyo zimezoeleka kusubiri mradi wa wafadhili wa nje, na mradi ukifungwa, usuluhishi nao unasimama.

3. Usuluhishi ukisimama, mtoto anaishia mahabusu pamoja na watu wazima. Wakazi wa miji yetu wanayajua magereza yetu. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza la Kangbayi, Beni, lilivamiwa na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo, na mamia wakatoka. Mtoto anayejikuta nje usiku wa namna hiyo yuko karibu zaidi na makundi yenye silaha kuliko na nyumba ya mama yake. Jambo hili linatutia uchungu, na hatuoni sababu ya kuuficha.

4. Chama kinashikilia kwamba usuluhishi wa watoto ni kazi ya umma, na kazi ya umma hulipiwa na fedha za umma. Ibara ya 175 ya Katiba inazitengea provensi asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa miji, komini, sekta na machifu asilimia 40 ya fungu hilo la provensi. Ni kweli kwamba fedha kutoka Kinshasa mara nyingi hufika pungufu, au hazifiki. Lakini wachuuzi wa Butembo na Beni hulipa ushuru wa soko, na ushuru huo unakusanywa hapa hapa. Aidha, utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021 haukuifuta sheria ya mtoto. Afisa anayeshika nafasi ya meya ameshika pia wajibu wa meya.

5. Chama hakiombi kosa lisahauliwe. Mama aliyeibiwa sokoni ana haki yake, na mtoto akifungwa Kakwangura mama huyo harudishiwi chochote. Mashauri ya mauaji na ubakaji yabaki mikononi mwa jaji.

6. Kwa hiyo Chama kinawataka viongozi wa miji ya Butembo na Beni, wa komini zake na wa sekta ya Ruwenzori, waandike katika bajeti ijayo kifungu kinachosimama peke yake kwa ajili ya kamati za usuluhishi, na kukitangaza kwa wananchi. Kinaiomba serikali ya provensi isiidhinishe bajeti isiyo na kifungu hicho.

7. Chama kimeazimia kuomba kwa maandishi nakala ya bajeti ya kila mji na kila komini, na kuwasomea wakazi hadharani kilichoandikwa humo kuhusu watoto. Palipo patupu patasomwa pia. Mawakili wetu wataendelea kuwatetea watoto hawa bila malipo, lakini kazi yao haitahesabiwa kuwa mchango unaoziondolea serikali za mitaa deni lao.