Tusilegeze misuli kabla ya kubeba mzigo

Ndugu wasikilizaji wa Mapendo, pamoja nanyi wahami mliofika kwetu kutoka Masisi na Rutshuru, leo nasema juu ya miili yetu. Hapa Goma wengi wetu hatuna chombo kingine cha kazi.

Kila asubuhi naona vijana wanaongoja mizigo ya chukudu. Wengine wanaweka mguu ukutani, wanavuta paja dakika moja au mbili, halafu wanakimbilia gunia mara moja. Wanaamini wanajikinga. Kwa maoni yangu, wanajipunguzia nguvu saa ileile wanapoihitaji.

Msuli unanyooshwa kwa namna mbili. Ya kwanza, umelegea: unavutwa tu, wenyewe haufanyi kazi. Ukiushikilia hivyo zaidi ya sekunde 60, nguvu zake zinashuka kidogo kwa muda. Ya pili, unanyooshwa ukiwa umekazwa. Huo, ukijikunja papo hapo, unatoa nguvu zaidi kuliko ule ulioanza kazi bila kunyooshwa. Mwaka 1968 Giovanni Cavagna na wenzake huko Italia walilipima jambo hilo. Sehemu ya nguvu inatoka kwenye kano, zinazovutika na kurudi kama mpira wa manati. Sehemu nyingine inatoka kwenye msuli wenyewe, ambao umekwisha kukaza kabla ya kusukuma.

Jaribuni nyumbani. Chuchumaa nusu, tulia sekunde tatu, kisha ruka na uweke alama ya chaki ukutani. Halafu simama wima, shuka haraka na uruke bila kutulia. Mara nyingi alama ya pili itapita ya kwanza kwa sentimita kadhaa. Miguu ni ileile, chakula ulichokula ni kilekile.

Mwenye chukudu anajua hili bila darasa. Goti moja liko juu ya ubao, mguu mwingine unagusa chini, unakunjika kidogo na kusukuma palepale. Akichelewa katikati, faida inapotea.

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Ukishuka mteremko na bidoni ya lita 20, misuli ya paja inanyooshwa ikiwa imekazwa, kila hatua. Ndiyo maana maumivu yanakuja kesho yake, hata kesho kutwa, zaidi kwa asiyezoea. Mama aliyefika juzi, ambaye sasa anachota maji akipita juu ya mawe ya volkano, asipewe safari nne siku ya kwanza. Si mvivu. Mwili wake unahitaji siku chache za kuzoea.

Kuna watakaoniambia: tatizo letu ni njaa, si kunyoosha misuli. Wana haki. Hakuna zoezi linaloshika nafasi ya bugali na maharagi. Lakini anayelipwa kwa safari akiumia mgongo leo, kesho watoto hawali. Kwa mtu wa namna hiyo hata nguvu kidogo ina bei.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa wabeba mizigo, makocha wa timu za vijana na wahamasishaji wa afya wafundishe hivi. Asubuhi, tembea haraka dakika tano. Piga magoti na kuinuka mara kumi, taratibu, misuli ikiwa imekazwa. Mzigo wa kwanza uwe mwepesi. Gunia zito usilidundishe wala kulinyanyua kwa kushtukiza: kunja magoti, liweke karibu na kifua, inuka. Ule mvuto mrefu wa ukutani ni mzuri kwa kulainisha viungo, basi uufanye jioni, kazi ikiisha.

Hayo yote hayahitaji hata franka moja. Tuyaanze kesho, kabla ya gunia la kwanza.