Sheria ya 1966 ianze na wenye vipaza sauti

Kongo haijakosa sheria ya kuzuia chuki za kikabila. Amri-sheria nambari 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inamfunga mwezi 1 hadi miaka 2 anayechochea chuki ya rangi au ya kabila. Sheria hiyo ilikuwa na takriban miaka 27 pale Wakasai, maelfu kwa maelfu, walipolala stesheni ya Kolwezi mwaka 1993, magodoro na sufuria kando yao, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye jimbo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Babu zao waliletwa na kampuni ya Union Minière kuchimba shaba. Gavana wa Katanga (wakati huo ikiitwa Shaba), Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa amewaita hadharani bilulu, yaani wadudu. Vijana wa chama chake, UFERI, wakawafukuza majumbani. Kyungu alifariki mwaka 2021 bila kuhukumiwa kwa maneno hayo. Miaka miwili kabla, Rais Félix Tshisekedi, mwenyewe Mkasai, alimteua kuongoza baraza la utawala la SNCC, shirika la reli lenyewe!

Kwa hiyo swali ni nani anaanza kushitakiwa. Kijana anayemtukana jirani kwenye baa ya Dilala, mjini Kolwezi, ana mdomo wake tu. Gavana, mbunge au kiongozi wa chama cha kikabila ana redio na walinzi, na umati unamtazama: akisema na kulala kwake salama, wanaelewa kwamba polisi hawatakuja. Mwendesha mashitaka asingoje mlalamikaji, maana anayetishwa hathubutu.

Wapo wanaohofia kwamba serikali itaigeuza sheria hii fimbo ya kuwapigia wapinzani. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo sababu kesi za kwanza ziwe za watu wa utawala wenyewe. Wengine husema wenyeji wa Lualaba, jimbo la Kolwezi, wana haki ya kulalamikia ajira migodini. Wanayo, kabisa. Kusimama mbele ya lango la kampuni na kudai vijana wa hapa waajiriwe si kosa. Kosa linaanza pale jirani anapoambiwa ahame kwenye parseli yake kwa sababu ya kabila. Na mbunge je, si ana kinga? Inaweza kuondolewa. Mwendesha mashitaka aandike barua ya kuomba hivyo, na wabunge wakikataa, wakatae mbele ya wananchi.