Mgonjwa ni mmoja, lakini nyumba nzima inaugua

Tuseme unakaa Mowlem, ghorofa ya nne, chumba kimoja na sebule. Ndugu yako wa miaka 22 anaanza kusikia sauti ambazo wewe huzisikii. Halali. Anadai jirani anamfuata. Ploti nzima inasema amechizi, mwingine anasema karogwa. Mathe anakimbilia pasta. Miezi inaisha kabla mtu ataje hospitali.

Huo ugonjwa una jina: skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linasema humpata karibu mtu 1 kati ya 300, na mara nyingi huanza ujanani. Yaani umri wetu.

Hospitali kuu ya akili ni Mathari, pale Thika Road, iliyoanza 1910. Lakini mgonjwa akitulia anarudi nyumbani, na mzigo unamwangukia mathe au dada mkubwa. Ndiye anahesabu vidonge. Ndiye anaacha kibarua siku ya kliniki. Ndiye analala jicho moja wazi.

Sasa sikia hii. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa London waligundua kwamba mgonjwa akirudi kwenye nyumba ya lawama na kubanwa kupita kiasi, ni rahisi ugonjwa umrudie. Si kwamba familia ndiyo ilimgonjesha, hapana. Familia imechoka. Na kwenye chumba kimoja, ukikasirika utaenda wapi upoe?

Uchina pia, wengi hutunzwa na wazazi wao. Mwaka 2004 serikali yao ilianzisha mpango unaoitwa 686, wa kuunganisha hospitali na mitaa: mgonjwa afuatiliwe akiwa nyumbani, na maskini wasaidiwe dawa. Angalau walikubali kwamba familia peke yake haitoshi.

Sisi je? Mwaka 2020 jopo la Dkt. Frank Njenga lilitaka ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa, kaunti zikapewa jukumu la huduma hizi mashinani. Makaratasi tunayo. Kwa hivyo MCA wako akija kuomba kura, muulize: dawa za akili ziko kwa zahanati yetu, ama bado ni nauli hadi Thika Road?

Na wewe, kabla ya kucheka "chizi" wa ploti yenu, gonga mlango wao Jumamosi. Kaa na yeye masaa mawili, dada yake apate kulala.